Mbegu hazirudi kwa siku 14

Ukipita Dar hii, nguzo ya umeme, ukuta wa stendi, mgongo wa daladala, huwezi kukosa tangazo la dawa ya ngiri, chango la kiume, nguvu za kiume na mbegu chache, na karibu yote yanaahidi kitu kimoja, dozi ya siku 7 au 14 mke anashika mimba. Leo nataka niongelee hizo siku. Nimezisubiri kwenye mwili wangu mwenyewe, na kila nikiona lile tangazo roho inaniuma kwa ajili ya kaka mmoja hivi ambaye muda huu anachomoa hela ya kodi akanunue chupa mbili.

Mbegu moja ya mwanaume, kuanzia seli inapoanza kugawanyika ndani ya korodani mpaka inapata kichwa na mkia, inachukua kama siku 74. Ikitoka hapo haijui hata kuogelea, inapita tena kwenye ule mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya korodani, kama wiki mbili hivi, ndo inakomaa. Jumla karibu miezi mitatu. Kwahiyo manii unayopeleka maabara mwezi wa kumi na mbili yalianza kutengenezwa mwezi wa tisa, na chochote ulichokunywa wiki iliyopita, kiwe kizuri au kibaya, kwa sehemu kubwa hakijafika bado kwenye hicho kikopo. Sasa niambie dozi ya siku 14 inatibu mbegu zipi.

Mimi ni fundi bomba. Nimefanyiwa oparesheni ya mishipa ya korodani, kitaalamu wanaita varikoseli, na naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu aliyepitia aniambie kwa Kiswahili cha kawaida inakuwaje, niliwakosa. Wanaume tunaongea mpira, tunaongea siasa, hili tunalikalia kimya mpaka ndoa inavunjika.

Tulipooana na mke wangu muda ukapita, kimya, maneno yakaanza. Shangazi yangu wa Muheza akileta mizizi analeta kwa mke wangu, mama mkwe akipiga simu anamuuliza mwanae, "unakula vizuri lakini?" Hospitali nako hivyohivyo. Mke wangu alipimwa homoni, akapimwa ultrasaundi ya kizazi, akapimwa mirija, kile kipimo wanachokuingizia dawa kwenye mji wa mimba halafu unapigwa picha, na alitoka pale ameshika ukuta kwa maumivu. Mimi nilikuwa naenda naye, nakaa kwenye benchi la nje na pochi yake mapajani, hakuna aliyewahi kutoka kuniita. Faili lilikuwa lake, maswali yalikuwa yake. Majibu yote yakaja safi, na bado wakamwandikia vidonge. Mpaka siku moja sista mmoja mtu mzima akafungua lile faili akalisoma kurasa zote taratibu, akainua macho akaniangalia mimi, akauliza, "Na baba je, ameshapima?"

Hilo swali lilitakiwa kuwa la kwanza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtu 1 kati ya 6 atakutana na tatizo la kukosa uzazi maishani mwake, na kwenye wanandoa wanaohangaika, karibu nusu yao upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha mwanaume hakiumi, hakina sindano, bei yake ni ndogo kuliko karibu vyote alivyopita mke wangu, ila kwetu kinakuja mwisho kabisa, baada ya mwanamke kuchomwa na kupigwa picha na kusemwa. Inaniuma mpaka leo.

Kupima kwenyewe kuna masharti na ni bora uyajue mapema maana ukikosea majibu yanadanganya. Unakaa bila tendo siku 2 mpaka 7, isipungue isizidi. Unatoa kwa mkono ndani ya kikopo walichokupa, bila sabuni, bila mate, bila mafuta, na kondomu za kawaida hazifai kwa sababu zina vitu vinavyoharibu mwendo wa mbegu. Tone la kwanza ndo lina mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata, likimwagika sema ukweli, usione aibu, urudie siku nyingine. Kama unatolea nyumbani kikopo kinasafiri karibu na mwili, kwenye mfuko wa ndani wa shati mfano, kifike maabara ndani ya saa moja. Mimi nilipewa choo cha wagonjwa, kitasa hakikazi, nje kuna mama anagonga mtoto amebanwa. Nilichukua muda mrefu. Kijana wa maabara alipopokea kikopo hakunitazama usoni kwa kudharau wala kucheka, aliuliza tu kwa upole, "Bro, yote yameingia? Umetoa saa ngapi?" akaandika. Nikamheshimu sana kwa hilo.

Halafu akaniuliza kama nimeumwa homa kali karibuni. Kwa nini? Kwa sababu malaria ya kukulaza kitandani na joto la juu inaweza kuzishusha mbegu kwa miezi miwili mitatu mbele, ndo zilezile siku 74 zinafanya kazi kinyume. Ndo maana kipimo kimoja kikija kibaya hawakutangazii kitu, unarudia baada ya wiki kadhaa. Ukikutana na mtu aliyekupa hukumu ya maisha kwa karatasi moja, omba urudie.

Vyangu vilikuja vibaya mara zote. Ujazo mililita 2.6, huo hauna shida. Mbegu milioni 5 kwa kila mililita. Zinazocheza asilimia 21. Zenye umbo zuri asilimia 2. Ili ujue maana yake, viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni mililita 1.4, milioni 16 kwa mililita, zinazocheza asilimia 42, umbo asilimia 4. Na hivyo viwango havikutoka hewani, walichukua wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakaangalia wale asilimia 5 wa chini kabisa wako wapi, wakachora mstari. Kwahiyo kuwa chini ya mstari hakumaanishi huwezi kabisa, na kuwa juu yake hakukupi uhakika wa mtoto. Ila mimi nilikuwa chini kwa kila kitu ukiacha ujazo. Dokta alinifundisha hesabu moja ambayo naipenda kuliko zote, zidisha ujazo mara idadi mara asilimia ya zinazocheza, unapata jumla ya mbegu zenye kazi. Yangu ilikuwa milioni 2.7. Shika hiyo namba, tutarudi kwake.

Baada ya hapo ndo nikapelekwa kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, yurolojisti. Wengi tunadhani tunaanzia kwa daktari wa kina mama kwa sababu ndo kuna kliniki ya uzazi, ila mwanaume mwenye majibu mabaya yurolojisti ndo mtu wake. Alinivulisha suruali, nimesimama, chumba hakina AC, na hiyo ni makusudi, kwenye baridi ngozi inajikunja hashiki kitu. Akatoa kamba ina shanga za mbao zenye umbo la yai, kuanzia ndogo ya mililita 1 mpaka kubwa ya 25, mkono mmoja anashika korodani, mkono mwingine anatafuta shanga inayolingana. Ya kulia ikalingana na 20. Ya kushoto 12. Akaniambia, "Bana pumzi, sukuma kama unaenda haja kubwa." Nikasukuma. Akanyamaza kidogo halafu akauchukua mkono wangu mwenyewe akaupeleka juu ya korodani ya kushoto, nikahisi vinyuzi vinene vimejiviringa vinajaa chini ya kidole. Miaka yote nilikuwa najua upande huo unauma jioni nikishinda nimebeba mabomba saitini, nikajua ni uchovu.

Alichonieleza mimi kama fundi nilikielewa haraka kuliko alivyotegemea. Damu inayotoka korodani inatakiwa kupanda, na kwenye mshipa kuna valvu za kuizuia isirudi. Mshipa wa kulia unaingia kwenye mshipa mkuu wa mwili kwa mteremko mzuri. Wa kushoto ni mrefu zaidi na unaenda kuingia kwenye mshipa wa figo kwa kona ya nyuzi 90. Fundi yeyote anajua bomba refu la kupanda lenye elbo ya namna hiyo juu, valvu zikichoka maji yote yanakaa chini. Ndo maana varikoseli nyingi mno ni za kushoto. Damu ya moto inalala pale, na korodani zimewekwa nje ya mwili makusudi zikae nyuzi 2 mpaka 4 chini ya joto la mwili, zikipata joto uzalishaji unaharibika, mbegu zinapungua, zinakosa mwendo, hata DNA ndani yake inakatikakatika.

Na haya mambo ni ya kawaida kuliko tunavyodhani, kama asilimia 15 ya wanaume wote wanayo, na ukichukua wanaume wanaohangaika kupata mtoto wa kwanza inafika asilimia 35 mpaka 40. Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo watu wanapigwa hela. Asilimia 15 ya wanaume wote wanayo na wengi wao wana watoto wao hawana habari. Kuwa nayo sio sababu ya kupasuliwa. Wanazipanga daraja tatu, ya kwanza inashikika ukisukuma pumzi tu, ya pili inashikika umesimama kawaida, ya tatu inaonekana kwa macho. Kuna nyingine inaonekana kwenye ultrasaundi peke yake, mkono wa dokta hauipati kabisa, hiyo miongozo ya madaktari inasema usiiguse, kuikata hakusaidii. Wa kufanyiwa ni yule ambaye inashikika, majibu ya manii ni mabaya, wanatafuta mtoto, na mke amepimwa hana tatizo au ana tatizo linalotibika. Ukiambiwa ukatwe kwa karatasi ya ultrasaundi tu, tafuta daktari wa pili.

Na tofautisha na vitu vingine, maana mtaani vyote tunaviita mshipa. Ngiri ni utumbo kushuka. Busha ni maji kujaa kuzunguka korodani, na huku Pwani, Tanga, Lindi na Mtwara tunalijua vizuri kwa sababu ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Varikoseli ni mishipa ya damu iliyovimba. Vitu vitatu, matibabu matatu, na chupa moja ya barabarani inadai kutibu vyote.

Oparesheni hii sio ya jana. Mwaka 1952 kule Edinburgh daktari mmoja anaitwa Selby Tulloch aliandika habari ya mwanaume ambaye hakuwa na mbegu hata moja, akamfunga mishipa, mbegu zikatokea, mke akapata mimba. Tangu hapo dunia ikaanza kuichukulia serious. Ila imebadilika sana. Zamani walikata juu tumboni, au kwenye kinena bila kifaa cha kukuza, mishipa midogo ikawa inaachwa na tatizo linarudi. Miaka ya 80 na 90 ikaja ya hadubini, wanakata sehemu ndogo kama sentimita 3 chini kidogo ya kinena, wanatoa ule mkufu wa korodani, yaani kamba iliyobeba mishipa na mirija ya korodani, wanautazama kwa hadubini, wanafunga vena, ile mishipa ya kurudisha damu, moja moja. Kwa njia hii kurudi kwa tatizo ni kama asilimia 1 au 2 tu, zile za zamani ilikuwa mbali juu ya hapo. Kuna ya matundu kwa kamera pia, na kuna ya kuziba mshipa kwa ndani kupitia mrija mwembamba bila kupasua. Swali la kumuuliza dokta kabla hujasaini ni hili, utatumia hadubini, au miwani ya kukuzia, au macho tu? Na umeshafanya nyingi? Muulize tu, kwa heshima, daktari mzuri hachukii. Mimi nilimuuliza akanijibu kwa utulivu.

Nilichomwa ganzi ya uti wa mgongo, miguu ikawa mizito kama sio yangu, ila masikio yako wazi. Kuna kitu kidogo kama kalamu wanakigusisha kwenye mkufu, kinatoa sauti ya damu inavyopita. Kinanyamaza, kinanyamaza, halafu ghafla, shwaa, shwaa, shwaa, inafuata mapigo ya moyo wangu. Dokta akasema kwa juu ya pazia, "Fundi unasikia hiyo? Hiyo ni ateri. Ndo inalisha korodani. Hii hatuigusi." Pale ndo nilielewa kazi yenyewe ilipo. Kufunga mishipa sio ngumu, ugumu ni kujua ya kuacha. Ateri ukiifunga korodani inaweza kusinyaa. Ile mirija midogo ya majimaji ya mwili ukiifunga yote, maji yanakosa pa kwenda, unapata busha juu ya varikoseli uliyoenda kutibu. Vyote hivyo ni vyembamba kama uzi na vimelala kwenye nafasi ya upana wa kidole.

Nilirudi nyumbani natembea kwa kuchanua miguu. Mke wangu ananunua barafu za mfuko kwa jirani, zile za watoto, anazifunga kwenye kanga ananikanda, dakika chache anaondoa, anarudisha. Chupi ya kubana usiku na mchana. Tendo wiki mbili hakuna. Kitu kizito ndo kilikuwa mtihani wangu, saidia fundi wangu alibeba kila kitu mwezi mzima na mimi nasimama naelekeza, kuna kazi mbili nzuri nikaziachia kabisa. Kama wewe ni mbeba mizigo, bodaboda, fundi ujenzi, weka akiba ya huo mwezi kabla ya kuweka hela ya oparesheni, maana watu wanahesabu bei ya hospitali wanasahau mwezi wa kukaa. Maumivu yenyewe siku chache za mwanzo ndo makali, baadae unakuwa mchubuko wa bluu na uvimbe kidogo unaoshuka wenyewe.

Halafu ndo ikaanza kazi kubwa. Kusubiri.

Oparesheni haiongezi mbegu hata moja siku hiyo. Inachofanya ni kutoa joto. Zile zilizokuwa njiani tayari zimeshaharibika zinatoka vilevile mbovu, na mpya zinaanza kutengenezwa kwenye mazingira mapya, siku 74, na wiki mbili juu. Kabla ya miezi mitatu kupima ni kutupa hela. Nilipopima baada ya hapo nikakuta milioni 8, zinazocheza asilimia 29. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikashindwa kumpigia mke wangu. Nilitegemea namba kubwa. Watu wa karibu waliojua wakaanza, si tulikwambia, kuna mzee Bagamoyo, kuna dawa ya Wachina, na mimi binafsi moyo ulikuwa umeanza kuyumba. Dokta alichofanya ni kuchora mstari kwenye karatasi, akaweka nukta ya kwanza chini, ya pili juu kidogo, akasema, "Imepanda. Tunataka ya miezi sita." Hakuniandikia kitu. Alinisisitizia nisikae juu ya injini ya moto, laptopu isikae mapajani, sigara sivuti, pombe nikapunguza, kitambi nikakifanyia kazi.

Vitamini niliuliza. Zinauzwa ghali sana kwenye maduka ya dawa na picha ya mtoto mzungu kwenye boksi. Jaribio kubwa lililofanyika Marekani na kuchapishwa 2020 liliwapa wanaume wenye majibu mabaya mchanganyiko wa vitamini C, E, seleniamu na wenzake, wengine wakapewa kidonge kitupu, mwisho wa siku mbegu hazikutofautiana. Kula matunda na mboga ni vizuri kwa mwili wote, ila usikope hela ya boksi.

Miezi sita nikapima. Ujazo 2.7. Milioni 19 kwa mililita. Zinazocheza asilimia 44. Umbo 4. Fanya ile hesabu sasa, jumla ya zenye kazi milioni 22 na ushee, kutoka 2.7. Zaidi ya mara nane. Safari hii nilimpigia mke wangu nikiwa bado nimeshika karatasi, akalia mpaka simu ikakatika.

Ila sitaki mtu asome hapa akakimbilie kisu akijua ni guarantee. Kati ya wanaume watatu wanaofanyiwa kwa sababu sahihi, wawili hivi majibu yanapanda. Mmoja hayapandi. Na majibu kupanda ni kitu kimoja, mimba ni kitu kingine. Kuna utafiti mzuri ulichapishwa 2011, waligawa wanaume kwa kura, wengine wakafanyiwa ya hadubini, wengine wakaachwa wasubiri, baada ya mwaka waliofanyiwa asilimia 32.9 wake zao walipata mimba ya kawaida, walioachwa asilimia 13.9. Tofauti kubwa sana hiyo, mtu akikwambia haisaidii mwonyeshe. Lakini soma na upande wa pili, theluthi mbili ya waliofanyiwa mwaka uliisha bado. Daktari anayekupa picha zote mbili kabla hajakushika ndo wa kukaa naye.

Na sio kila mwenye mbegu chache ni varikoseli. Rafiki yangu tuko naye saiti moja alikuwa anaenda jimu, kifua kimejaa, akapima akakuta sifuri kabisa. Wakamuuliza unatumia nini, ikatoka kwamba anachomwa sindano za testosteroni. Hili vijana wengi hawalijui, testosteroni ya kuchomwa inaizima korodani. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kutuma amri, kiwanda kinalala, korodani zinasinyaa. Huyo hakuhitaji kisu, alihitaji kuacha sindano chini ya uangalizi na kusubiri, miezi sita, mwaka, wengine hata miwili. Zake zimeanza kuonekana. Na ndugu yangu msomaji unayetafuta mtoto, ukikuta daktari anataka kukuchoma testosteroni ili kuongeza mbegu, ondoka hapo siku hiyohiyo.

Wengine sifuri yao ni njia kuziba. Kisonono kisichotibiwa vizuri ujanani kinaweza kuziba ule mrija nyuma ya korodani, kiwanda kinazalisha kama kawaida ila bidhaa haitoki. Hapo kuna upasuaji wa kuunganisha upya chini ya hadubini, sawa na wanaofungua vasektomi, yaani mwanaume aliyefungwa uzazi, au mbegu zinavutwa moja kwa moja kutoka ndani na kutumika maabara. Na hata ambao kiwanda chenyewe kimedhoofika, tangu 1999 kuna upasuaji wanaoingia ndani ya korodani na hadubini wanatafuta vifuko vichache vilivyobaki na uhai. Mbegu moja hai inatosha kwa yai moja, wanaichoma ndani ya yai kwa sindano nyembamba, njia iliyoanza kuleta mimba huko Brussels mwaka 1992. Dar na Nairobi kliniki zinazofanya zipo, gharama ni kubwa, na ndo maana kama kuna kitu cha kurekebisha kwa oparesheni ya nusu siku inafaa kijulikane kwanza. Hata pale ambapo oparesheni haileti mimba yenyewe, inaweza kukutoa kwenye njia ya gharama kubwa ikakuweka kwenye ndogo.

Sisi mimba bado. Naandika hivyo wazi kwa sababu watu wanapenda kusoma zenye mtoto mwishoni. Mke wangu anakaribia 34, na umri wake ni saa ambayo oparesheni yangu haiwezi kuisimamisha, kwahiyo tumekaa sote wawili na dokta, tumepanga tarehe. Tunajaribu wenyewe mpaka mwezi wa tatu, siku za hatari tunazijua, presha tumeiondoa nyumbani, shangazi nimeongea naye mimi mwenyewe kwamba tatizo lilikuwa kwangu na asimtumie mke wangu mizizi tena, akanyamaza muda halafu akasema, "Haya mwanangu, nimesikia." Ikifika mwezi wa tatu kimya, tunaenda kwenye njia ya kuosha mbegu na kuziweka moja kwa moja kwenye mji wa mimba. Kwa njia hiyo dokta anataka jumla ya zenye kazi zisiwe chini ya milioni 5, ikifika 10 anafurahi. Na ile 2.7 ya mwanzo tungeenda moja kwa moja kwenye sindano ya yai, hela ambayo hatuna. Kipimo kingine napima mwezi ujao, siku 3 za kukaa bila tendo nimeshaziandika kwenye kalenda ya ukutani.